Damu haikuujua mpaka wa Mnazi Mmoja

Huku chuoni tupo, maji yamekatika tangu juzi, bumu linasubiriwa kama mvua ya vuli, ila maisha yanakwenda. Leo naomba tupige historia kidogo, na msikimbie, sitawarudisha kwenye Mkutano wa Berlin. Nataka tuongelee sehemu ambayo karibu kila mtu wa Dar ameshaipita, Mnazi Mmoja, halafu tuongelee ugonjwa wa selimundu, ule ambao mtaani tunauita siko seli. Najua mtauliza uwanja na ugonjwa wa damu vimekutana wapi. Vimekutana, tena mapema sana. Twende taratibu.

Ukisimama katikati ya viwanja vya Mnazi Mmoja, upande mmoja una Mtaa wa Lumumba na nyuma yake Kariakoo nzima na makelele yake. Upande wa pili una Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukiivuka unaingia Kisutu na mjini kati. Maeneo yale kila kipande cha ardhi kina fremu, na kila fremu ina watu watatu wanaoigombania. Sasa jiulize, kwa nini pale katikati paliachwa wazi? Wengi tunadhani ni kwa ajili ya mikutano na gwaride, au mji ulipanuka tu ukapasahau. Hapana. Paliachwa wazi makusudi, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya.

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891 walianza mara moja kupanga nani ajenge nyumba ya aina gani na wapi. Wakati huo malaria ilikuwa inawamaliza. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba vimelea vya malaria vinakua ndani ya mbu. Mwaka huohuo Robert Koch, yule bingwa wa vijidudu wa Ujerumani, alifika Dar es Salaam na kuchunguza malaria hapahapa. Baada yake, kuanzia 1901, daktari aliyeitwa Ollwig aliendesha kampeni ya kupima damu za wakazi wa mji huu na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Yaani wazee wetu wa Dar walishaanza kutobolewa vidole kabla hata ya reli ya kati kufika Morogoro.

Vipimo vya namna hiyo, hapa na kwingineko Afrika, vilionyesha kwamba watoto wengi wa Kiafrika wana vimelea kwenye damu hata kama wanacheza na kukimbia bila homa. Ukweli wenyewe ulikuwa sahihi. Ila serikali za kikoloni zikautafsiri hivi: damu ya Mwafrika ni ghala la malaria, kwa hiyo dawa ni kumweka Mwafrika mbali, umbali ambao mbu akishamuuma hatafika kwa Mzungu. Wazo hilo lilitembea toka Sierra Leone mpaka kwetu. Hapa Dar mpango wa kuugawa mji kwa kanda ulianza kwa Wajerumani muda mfupi kabla ya vita ya 1914, na Waingereza wakaukamilisha katika miaka ya 1920. Ukanda wa kwanza ulikuwa kule baharini, wa Wazungu. Wa pili ulikuwa wa biashara, ambao kwa vitendo ukawa Uhindini. Wa tatu ulikuwa Kariakoo, wa Waafrika, mtaa uliopata jina kutokana na wapagazi wa jeshi la Kiingereza, Carrier Corps, waliowekwa pale wakati wa vita. Katikati ya ukanda wa pili na wa tatu ukaachwa uwazi wa kuzuia maradhi. Uwazi huo ndio Mnazi Mmoja.

Cha kuchekesha ni kwamba sheria za Waingereza hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Umoja wa Mataifa wa wakati ule ulikuwa unaangalia. Ukitaka kuishi mjini jenga nyumba ya kiwango fulani. Huwezi? Kariakoo ile pale. Kila mtu alielewa maana yake.

Shikeni hapo. Mji umechorwa kwa hofu ya damu ya watu fulani. Sasa tuvuke bahari, tutarudi.

Mwaka 1910 daktari wa Chicago aitwaye James Herrick alichapisha taarifa ya mgonjwa mwenye chembe za damu za ajabu. Badala ya kuwa duara kama sahani zilikuwa zimejikunja kama mundu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada. Mwanafunzi kama sisi, yuko mbali na nyumbani, baridi inampiga, anaumwa kila mara na masomo yanamsubiri. Alimaliza chuo, akarudi kwao kufanya kazi, akafariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 32. Wa kwanza kuziona chembe zile alikuwa daktari kijana aliyekuwa chini ya Herrick, Ernest Irons, lakini taarifa ikatoka kwa jina la bosi. Haya mambo ya bosi hayakuanza leo.

Baada ya hapo wagonjwa wengine walipatikana Marekani, karibu wote weusi, na madaktari wakafikia hitimisho la haraka: huu ni ugonjwa wa damu ya mtu mweusi. Ilifika mahali akipatikana mgonjwa mweupe mwenye chembe mundu, baadhi yao walishuku kwamba kwenye ukoo wake kuna mweusi aliyefichwa. Mnaona? Ni fikra ileile iliyochora Mnazi Mmoja. Damu ina rangi, na rangi ndiyo ugonjwa.

Mwaka 1949 mambo mawili makubwa yalitokea. La kwanza lilikuwa maabara, California. Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye hemoglobini yenyewe, ile protini inayobeba oksijeni. Miaka michache baadaye, 1956 na 1957, Vernon Ingram kule Cambridge akaonyesha kosa liko wapi hasa. Mimi ni mtu wa Historia na Jiografia, baiolojia tuliagana kidato cha nne, kwa hiyo mwenzangu wa chumbani anayesoma ualimu wa sayansi alinieleza hivi: mnyororo mmoja wa hemoglobini una vipande 146 vilivyofuatana kama shanga. Kwenye selimundu shanga ya sita tu ndiyo imebadilika, palipotakiwa asidi ya glutamiki imekaa valini. Shanga moja kati ya 146! Lakini hiyo moja inatosha kufanya hemoglobini zishikane zinapoishiwa oksijeni, chembe inakakamaa na kujikunja, inaziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa yanayomfanya mtu mzima alie kama mtoto. Chembe ya kawaida inaishi siku 120 hivi. Chembe mundu inaishi siku 10 mpaka 20. Ndiyo maana damu yao haitoshi na macho yanakuwa ya njano.

Urithi wake nao si mgumu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na nakala moja tu ya selimundu wewe ni mbebaji, unaishi maisha yako kama kawaida. Ukiwa nazo mbili unaumwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne mbebaji, na moja kati ya nne mtoto asiye nayo kabisa. Kila mimba inaanza upya, siyo kwamba ukishapata mgonjwa mmoja umemaliza zamu yako.

Jambo la pili la 1949 lilianzia kwetu Afrika Mashariki. Kulikuwa na kijana aitwaye Anthony Allison, amezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Gilgil, Kenya, kwenye Bonde la Ufa. Alikuwa anasoma Oxford, akajiunga na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya. Wenzake wakikusanya mimea na wadudu, yeye alikuwa anakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Alipopima aligundua kitu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 kati ya 100 walikuwa wabebaji wa selimundu. Nyanda za juu na sehemu kavu, hata mmoja kati ya 100 hafiki. Na haikufuata lugha wala ukoo. Wabantu wa bondeni walikuwa nayo na Wabantu wa milimani walikuwa hawana. Mwaka huohuo Lehmann na Raper, waliokuwa Uganda, walitoa takwimu zao, na kwa Waamba wa magharibi ya Uganda walikuta wabebaji wanafika 45 kati ya 100.

Hapo ndipo penye kitendawili. Jeni inayoua watoto ingetakiwa ipungue kila kizazi mpaka iishe, maana wanaokufa wadogo hawazai. Kwa nini imejaa hivi? Allison akaangalia ramani yake, akaona kitu ambacho mtu yeyote wa Jiografia angekiona: palipo na selimundu ndipo palipo na mbu wa malaria.

Mwaka 1953 alirudi kuthibitisha. Kwa watoto 290 wa maeneo ya Kampala, wabebaji walikuwa 43, na kati yao 12 ndio walikutwa na vimelea vya malaria. Wasio wabebaji walikuwa 247, na 113 kati yao walikuwa na vimelea. Yaani asilimia 28 dhidi ya 46. Halafu akafanya jambo ambalo leo kamati ya maadili ingelirudisha siku hiyohiyo. Aliwachukua Wajaluo watu wazima 30, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wasio wabebaji, 14 waliugua. Kwa wabebaji waliugua 2 tu. Walitibiwa, ndiyo, na waliandikwa kuwa wamejitolea. Lakini mwaka 1953 Kenya ilikuwa ndani ya hali ya hatari, na mimi najiuliza Mwafrika alikuwa na nafasi gani ya kumwambia daktari Mzungu hapana. Vitabu vya baiolojia vinamtaja Allison kwa jina lake. Hao 30 wanatajwa kwa idadi na kabila.

Majibu yalichapishwa Uingereza Februari 1954. Miezi mitano baadaye, Julai 7, 1954, TANU ilizaliwa kwenye mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ndio Lumumba, pembeni kabisa ya Mnazi Mmoja. Sisemi kwamba mambo haya mawili yalijuana. Nasema tu mwaka mmoja ulitoa hoja mbili dhidi ya ule ukanda, moja ya siasa na moja ya damu. Ya siasa tumefundishwa toka darasa la nne. Ya damu hatukuambiwa.

Sasa nije kwenye takwimu iliyonifanya nikae kimya pale maktaba, na hii ni ya kwetu kabisa, Musoma. Mwaka 1956 Allison alichapisha vipimo vya watu wa wilaya ile, ufukweni mwa ziwa. Alipima watoto wachanga 287. Wasio na jeni ya selimundu walikuwa 189, wabebaji 89, wenye nakala mbili, yaani wagonjwa, 9. Akapima watu wazima 654. Wasio nayo 400, wabebaji 249, wagonjwa 5.

Someni tena. Sio watoto walewale waliofuatiliwa mpaka wakakua, ni makundi mawili ya sehemu moja. Lakini kama uwiano wa watoto ungebaki vilevile, kwenye watu wazima 654 wangepatikana wagonjwa kama 20. Walipatikana 5. Mwalimu yeyote anaelewa hesabu hii, ni daftari la mahudhurio. Unaita majina 20, wanaitika 5. Wengine wako wapi? Wamezikwa, na wengi walizikwa kabla mtu yeyote hajajua jina la kilichowaua. Ukoo ukasema ni degedege, ni kijicho, ni mama yao ana mkosi.

Halafu angalieni wabebaji. Kwa watoto ni 31 kati ya 100, kwa watu wazima wameongezeka hadi 38 kati ya 100. Hakuna anayepata jeni ukubwani, kwa hiyo maana yake ni moja: wasio nayo nao walikuwa wanakufa zaidi, kwa malaria. Kwenye mji wa mbu, nakala mbili zinakuua, na kutokuwa nayo kabisa kunaweza kukuua pia. Aliyebeba moja ndiye aliyekuwa na ngao. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa 2005, uliipima ngao hiyo kwa watoto: wabebaji wamekingwa dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kimelea kikiingia kwenye chembe ya mbebaji, chembe hiyo hujikunja kirahisi na wengu linaiondoa kabla kimelea hakijazaliana vya kutosha.

Lakini tahadhari wadau, ngao hiyo ni ya mbebaji. Mgonjwa wa selimundu akipata malaria inaweza kumshusha damu vibaya sana, ndiyo maana anatakiwa alale kwenye chandarua na kupewa kinga. Nimeshasikia mtu akisema "huyo ana siko seli, malaria haimpati". Maneno hayo yanaua.

Sasa turudi Mnazi Mmoja na ile mipaka. Ikiwa sababu ni mbu, si rangi, basi selimundu itaonekana popote malaria ilipokaa muda mrefu. Na ndivyo ilivyo. Iko Ugiriki na Sicily kwa Wazungu. Iko Oman na mashariki ya Saudi Arabia. Mwaka 1952 Lehmann na mwenzake waliikuta kwa watu wa milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Kuna na ndugu yake, thalasemia, ugonjwa mwingine wa hemoglobini wa kurithi, ambao jina lake limetokana na neno la Kigiriki la bahari. Mwanasayansi J.B.S. Haldane alishahisi mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba nao unadumu kwa sababu unakinga malaria. Thalasemia ya aina ya beta iko kwa kiwango kikubwa kwenye baadhi ya jamii za Gujarat na Sindh, kulekule ambako familia nyingi za Uhindini zilitoka. Thalasemia ya alfa ipo tele kwa watu wa pwani yetu.

Yaani wakati serikali inalinda ule uwanja mtupu ili damu ya Kariakoo isifike Kisutu, pande zote mbili zilikuwa na watu wanaobeba alama ya adui mmoja. Malaria ilipita kwa babu zao wa Rufiji, ikapita kwa babu zao wa Kutch, ikapita kwa babu zao wa Oman, na kila mahali iliacha kovu kwenye hemoglobini. Na Mchaga wa juu kule mlimani, Mwafrika kama wa Kariakoo, huenda hana kovu hilo kabisa kwa sababu mbu wa malaria hawakumsumbua. Ukitaka kuchora ramani ya selimundu, kachore mabwawa na mito, uache makabila.

Mwaka 1956, mwaka uleule wa takwimu za Musoma, hospitali ya Princess Margaret ilifunguliwa Upanga. Baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Toka Mnazi Mmoja hata kwa miguu unafika. Pale ndipo hadithi hii ilipochukuliwa na Watanzania wenyewe. Mwaka 2004 Dk. Julie Makani na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Tofauti na Allison aliyepita akachukua damu na kuondoka, hapa mgonjwa anapimwa na kutibiwa palepale, na kesho ana miadi. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,725 waliofuatiliwa hadi 2009. Walikufa 86. Kwa wastani ni vifo 1.9 kwa kila watu 100 kwa mwaka, lakini kwa walio chini ya miaka mitano ilikuwa 7.3. Lile daftari la Musoma tena, ila safari hii tunajua ni umri gani wanapotea, kwa hiyo tunajua pa kusimama.

Pa kusimama ni mwanzoni kabisa. Mwaka 2015 na 2016 walijaribu kupima watoto wachanga Muhimbili na Temeke. Kati ya watoto 3,981, wagonjwa walikuwa 31 na wabebaji 505. Yaani katika kila wachanga 130 hivi wa Dar mmoja ana selimundu, na mmoja katika kila wanane ni mbebaji. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba Tanzania nzima wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Na kuwajua mapema kuna faida ya kweli. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulionyesha kuwa penisilini ya kunywa kila siku ilipunguza maambukizi makali ya nimonia na damu kwa watoto hao kwa asilimia 84. Penisilini jamani, si dawa ya kuagiza mwezini. Kisha kuna hydroxyurea, ambayo ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kilifi na Mbale, na matokeo yake yaliyotoka 2019 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vinapungua. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hiyo ni tiba ya kuponya, ila kwa sasa ni ya wachache.

Sasa kwa nini nimewachosha na haya yote? Kwa sababu ule ukanda wa Mnazi Mmoja uliacha kutetewa kwa sheria, lakini umehamia vichwani mwetu. Kuna dada tunasoma naye, uchumba wake ulivunjika mwaka jana. Mashangazi wa upande wa mwanaume walisikia kwamba mdogo wake ana selimundu, wakasema ukoo ule una damu mbaya, kijana wao asiingie. Mahari ilishaanza kupokelewa. Sasa nisikilizeni: yule kaka hakupimwa, na yule dada hakupimwa. Inawezekana dada hana jeni hiyo kabisa na kaka ndiye mbebaji. Hakuna aliyetaka kujua. Walichora ukanda wakaondoka, kama Waingereza.

Na mara ngapi tumesikia mama ameachwa kwa sababu "anazaa wagonjwa"? Mtoto mwenye selimundu amepata nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Hakuna njia nyingine. Baba anayemfukuza mama anakimbia nusu yake mwenyewe.

Kwa wachumba wa vimbwetani, naongea na nyie mnaojijua: mkienda kupima, muombe kipimo cha kuonyesha aina ya hemoglobini. Kile cha kawaida cha wingi wa damu hakitakuambia kama ni mbebaji. Mkikuta wote ni wabebaji si lazima muachane, huo ni uamuzi wenu, ila mtaamua mkiwa mnajua, na mtoto akija mtampima siku ya kwanza, hamtasubiri mwaka wa tatu.

Na kwa walimu wenzangu, maana karibu tunaingia TP. Tukipata kijana mwenye macho ya njano, anayekosa shule mara kwa mara, anayeomba kwenda chooni kila kipindi na kunywa maji kila saa, tusikimbilie fimbo. Figo zake haziwezi kubana mkojo kama zako, na maji ndiyo yanayozuia damu isinate. Asisimamishwe kwenye baridi ya asubuhi wala kukimbizwa uwanjani kwa adhabu. Akikosa wiki mbili apewe madaftari ya wenzake. Kuna shule moja niliyopita, siitaji, mtoto wa hivyo alichapwa kwa kosa la utoro huku kadi ya kliniki iko mfukoni mwake. Kwenye daftari la mahudhurio tuweke alama nyingine kwa mtoto wa namna hiyo, na tumuulize mzazi kabla ya kumuita mtoro.

Basi wadau, kwa leo naishia hapo, asaimenti ya Saikolojia ya Elimu inatakiwa Jumatatu na sijaandika hata jina. Mkipita Mnazi Mmoja wiki hii mkiwa kwenye daladala, angalieni ule uwazi, mhesabu abiria wanane wa kwanza. Mmoja wao huenda ni mbebaji, na hakuna atakayemtambua kwa sura.